Mwanangu Anarudi Uzani wa Unyoya

Mwanangu,

Mimi mama yako ni mzima. Wewe sina haja ya kukuuliza hali, maana nakusikia kupitia ukuta, unakohoa kile kikohozi kikavu cha mtu aliyejinyima maji tangu asubuhi. Jua ndiyo kwanza limezama nyuma ya mawe, watoto wa jirani bado wanacheza nje, na wewe umeshajilaza na jaketi la mvua juu ya sweta ili utoke jasho usingizini. Kesho alfajiri unapanda basi la Dar es Salaam. Keshokutwa unapanda kwenye mzani, na siku inayofuata unapanda ulingoni.

Kukuita mwanangu kwa kalamu kunanitia aibu kidogo. Kwa mdomo tumezoea, tunasema na kucheka. Mtu mwingine akiiona barua hii atajiuliza ni binti gani huyu, amemaliza kidato cha nne juzi tu, anamwita baba yake mwanangu. Lakini hapa mtaani kwetu hata wauza maandazi wanajua. Bibi Minza, mama yako mzazi, alifariki mimi nikiwa bado tumboni. Nilipozaliwa ukanipa jina lake, na kwa desturi yetu nikawa mama yako. Hujawahi kuniita Minza hata ukiwa umekasirika. Unaniita Mayu, yaani mama kwa Kisukuma chetu. Asubuhi unainama mlangoni, "Shikamoo Mayu," nami nikiwa bado na tongotongo naitikia, "Marahaba mwanangu, umeamkaje?" Mama naye hakukubali kupitwa. Yeye ananiita mama mkwe. "Mama mkwe, vyombo vinakusubiri." "Mama mkwe, mwanao amerudi na jicho limevimba, njoo umkande."

Unajua mimi si msemaji. Shuleni kila muhula waliniandikia kwenye ripoti kwamba ni mtulivu, na nadhani walimaanisha kwamba hawaijui sauti yangu. Ndiyo maana naandika. Nikisimama mbele yako kesho nitameza maneno kama nilivyoyameza siku zote.

Mambo ya safari sitayagusa. Taulo, bukta nyekundu, dawa ya kuchua, vyote Mama ameshafungasha, na Kocha Magesa hajawahi kusahau bandeji. Mimi nataka kukuandikia jinsi nilivyokuwa mama kwako.

Yale ya mwanzo sikuyaona, umenisimulia mwenyewe. Ulikuwa kijana wa kubeba magunia ya dagaa pale mwaloni Kirumba, mitumbwi inaposhusha samaki, na ulipopimwa mara ya kwanza ulikuwa na kilo hamsini na tatu, uzani wa bantam, na Kocha Magesa akasema hata hizo ni kwa sababu hukuvua viatu. Siku ya pambano lako la kwanza mtangazaji alikuuliza jina la ulingoni. Hukuwa nalo. Mtu mmoja akapaza sauti kutoka nyuma, "Mwite Furu!" Ukumbi mzima ukacheka, kwa sababu kila mtu wa ziwa hili anamjua furu, kisamaki ambacho hakuna mgeni anayekiagiza hotelini. Wewe ukalichukua jina. Ulisema furu ana miiba mgongoni, anayetaka kummeza lazima afikirie kwanza.

Mimi nilipoanza kuelewa mambo ulikuwa umeshapanda uzani wa unyoya, kilo hamsini na saba. Mkanda wa ubingwa ulining'inia juu ya kabati la vyombo, na ukiwa na furaha ulinivalisha, ukanizunguka mara mbili na bado ukateleza hadi magotini. Kocha Magesa husema mpaka leo kwamba bondia ana uzani mmoja alioumbiwa, na wako ulikuwa huo. Nakumbuka ulivyokuwa unaishi. Ulikula tulichokula. Ulikunywa maji ukisikia kiu. Ulikimbia hadi Pasiansi na kurudi, ukaoga, ukalala, na siku ya mzani kilo zilikuja zenyewe bila kuitwa.

Na nakumbuka maji. Uliniambia kwamba Bibi, mtu wa nyumbani akisafiri, alijaza maji mdomoni akamnyunyizia kifuani, kisha akamwambia nenda urudi. Hilo ulitaka lisikatike. Basi kabla ya kila pambano ulipiga magoti hapa mlangoni, mkubwa vile, mbele ya mtoto ambaye bado alikuwa akikojoa kitandani. "Mayu, niende?" Nami nilijaza mashavu kwa kikombe cha bati, nikakupulizia, mengine yakanimwagikia mwenyewe, nikasema, "Nenda urudi mwanangu." Mama aliniambia kwamba siku moja basi lilikuwa linapiga honi kule barabarani na wewe hukunyanyuka, kwa sababu nilikuwa nimelala na hukutaka niamshwe kwa nguvu. Ulisubiri niamke. Tangu hapo hujawahi kwenda ulingoni bila maji yale.

Sikujua kwamba lile lilikuwa swali. Nilidhani ni maneno ya kwenye mchezo wetu, kwamba wewe unasema niende, mimi nasema nenda.

Kisha alikuja promota. Nilikuwa darasa la kwanza au la pili. Alikaa kwenye kiti chako, akala samaki wetu, akasema kwenye unyoya umeshawamaliza watu wote wa kanda hii na hakuna wa kupigana nawe, lakini kwenye uzani mwepesi Dar wanatafuta majina. Kilo nne tu, alisema, unaweka mwili kidogo. Ukauacha mkanda. Hakuna aliyekushinda, wewe mwenyewe ulikwenda kuukabidhi, na juu ya kabati ukabaki msumari. Ukapigana kilo sitini na moja, mara unashinda mara unatoka sare, na watu wakaanza kukuita Sato. "Furu amenenepa, amekuwa sato!" Ulifurahi. Mimi pia, kwa sababu sato ni samaki wa heshima.

Promota akarudi tena na kusema kilo sitini na sita, welta.

Mwanangu, hapa ndipo ninapojisikia vibaya zaidi. Mwaka ule wa welta ndio mwaka tuliokula vizuri kuliko miaka yote. Uliambiwa uongeze mwili haraka, basi kukawa na nyama katikati ya wiki, maziwa mgando, vichwa vya sangara vya kuchemsha na ndizi. Kazi ya kukupakulia nilijipa mwenyewe. Nilikaa mbele yako na mwiko kama mama wa kweli, na ulipotaka kuacha nilikuongezea. "Kula mwanangu." "Mayu, nimeshiba, tumbo linauma." "Hata mimi ukinilazimisha dawa huwa sitaki. Kula." Mama akacheka mpaka akashika mlango. "Mama mkwe, utampasua mume wangu!" Ulikula ili nicheke. Nilikuwa najivunia shingo yako inavyojaa. Nilikuwa mtoto, najua, hakuna atakayenihukumu. Lakini nakumbuka pia kwamba ulikuwa unapanda mlima wetu huu ukipumzika kwenye lile jiwe la katikati, na zamani ulikuwa unanibeba mgongoni hadi juu bila kusimama. Nililiona hilo na sikumwambia mtu, kwa sababu ningesema, nyama ingeisha.

Wakakubadilishia jina tena, ukawa Sangara, yule mkubwa anayepelekwa viwandani. Siku ile ukumbini mimi na Mama tulikaa karibu na kona yako. Yule bwana aliyekuja kupigana nawe alikuwa welta tangu kuzaliwa, mabega mapana kama mlango, na ngumi zako zilipomfikia alizipangusa kama mtu anayefukuza inzi. Raundi ya tatu kijana mmoja nyuma yetu akapiga kelele, "Sangara wa barafu huyo! Hata hajayeyuka!" Watu wakacheka, na aliyekaa pembeni yake akajibu, "Mrudisheni kiwandani!" Mama aligeuka akawaambia, "Huyo ni baba wa mtu." Wakanyamaza, lakini nilitamani asingesema, kwa sababu kila mtu alinitazama mimi. Ulianguka mara mbili, ukanyanyuka mara mbili. Ulimaliza raundi zote. Tangu siku ile sikio lako la kushoto halisikii, na tangu siku ile mimi hukaa upande wako wa kulia, na hatujawahi kulizungumzia. Nililigundua, nikahama kiti, basi.

Baada ya hapo ungeweza kuacha. Wengi walidhani umeacha. Miaka ikapita, ukawa unafundisha watoto pale jimu, nyuma ya wauza mbao, na jioni ulinisaidia kuchota maji. Nikawa kidato cha tatu. Ndipo likatokea lile pambano la hapa hapa Mwanza, la uzani mwepesi, na wewe ukiwa na kilo nyingi kuliko hata za welta. Ukasema utashuka.

Kupanda ulipanda kwa kula. Kushuka nilikuona ukishuka kwa kiu. Mzani tuliuweka chumbani kwangu kwa sababu sakafu yangu ndiyo iliyonyooka. Kila asubuhi ulisimama juu yake umefumba macho na kuniambia, "Soma, Mayu." Nilisoma. Mchana ulipanda na kushuka mawe haya na jaketi la mvua, jua la saa saba, ukitema mate kwenye kopo ili hata mate yasikae mwilini. Siku ya mwisho kabla ya kupimwa ulikaa kizingitini, midomo imepasuka, ukaniomba barafu. Si maji, kipande cha barafu tu cha kuweka ulimini. Kocha alikuwa amesema usipewe kitu. Nikakujibu, "Bado mwanangu. Vumilia." Ukainamisha kichwa kama mtoto mtiifu. Nilijisifu moyoni kwamba nina msimamo. Mimi ambaye siwezi kumwambia kondakta anirudishie chenji yangu, kwako niliweza kusema hapana, nikasema hapana kwa kipande cha barafu.

Ulishinda kwa pointi. Ilikuwa Jumapili mchana, na jua lilipokuwa linashuka Kocha alikuleta nyumbani, vijana wakija nyuma wanaimba. Mama alikwenda dukani kununua soda za wageni. Mimi nilibaki nawe chumbani, nakuvua viatu. Ukaniangalia. Uso wako ulikuwa umetulia kabisa, umekuwa mdogo, sijui niseme vipi. Ukaniuliza kwa Kisukuma kitupu, wewe ambaye hunisemeshi Kisukuma zaidi ya salamu, "Mayu, ng'ombe wamerudi?"

Nilidhani ni mchezo wetu. Nikatabasamu. Wewe hukutabasamu. Ukarudia, na sauti ilikuwa na wasiwasi, kwamba kuna mmoja mwenye pembe iliyovunjika, anapenda kubaki nyuma, na baba atakuchapa. Hapo nikaelewa kwamba huongei nami. Ulikuwa kule ng'ambo ya ziwa, upande wa Kamanga, kwa Bibi, na mtu uliyekuwa unamuuliza alikuwa Minza mwingine.

Nikakujibu, "Wamerudi, mwanangu. Wote." Ukashusha pumzi, ukalala.

Wageni wakanywa soda. Asubuhi uliamka ukaniambia, "Shikamoo Mayu," ukacheka, ukauliza nani amekuvua viatu. Nikaona yamepita. Sikumwambia Mama. Sikumwambia Kocha. Nilijua nikisema kutakuwa na makelele, na wewe utaona aibu, na nitaulizwa maswali mbele ya watu. Nikaona nimekujibu vizuri. Umeuliza, umetulia, umelala. Kwa muda mrefu nililihesabu jibu lile kuwa jambo jema kuliko yote niliyowahi kukufanyia. Sasa naona kwamba lilikuwa baya kuliko yote. Mama wa kweli angepiga kelele mtaa mzima wasikie.

Mwaka huu wa mwisho, mwalimu wa baiolojia alituchorea ubongo ubaoni. Akatuonyesha kwamba umekaa ndani ya majimaji, usigonge mfupa kichwa kikitikisika. Kipindi kikaisha, wenzangu wakatoka, mimi nikabaki nikijifanya nafuta ubao. Nilimuuliza nimempa mgongo. "Mwalimu, mtu akijikausha maji, halafu akapigwa kichwani?"

"Ajikaushe kwa nini?"

"Ili awe mwepesi."

Akaja akanichukulia dasta mkononi. "Minza, nani anafanya hivyo?"

"Mtu tu, mwalimu."

Akasubiri niendelee. Mimi nikachukua madaftari yangu nikaondoka. Angalia jinsi nilivyo, mwanangu. Mtu amesimama mbele yangu, mwenye elimu, mwenye huruma, ameuliza jina tu, na mimi nimeshindwa kulitaja.

Na kuna ile siku ya kivuko. Tulikuwa tumekwenda kusafisha kaburi la Bibi, mimi na wewe. Tukarudi Kamanga, ukakata tiketi, tukapanda, ukasimama umeshika chuma unaangalia mji kwa mbali. Katikati ya maji ukaniinamia ukaniuliza taratibu, ili watu wasisikie, "Mayu, hivi tunakwenda au tunarudi?" Nikacheka. Nilicheka kwa makusudi, kwa sauti, ili iwe utani. Na wewe ukacheka, lakini ulichelewa kidogo. Uliniangalia kwanza uone kama inafaa kucheka. Nimelifikiria sana lile jicho. Wewe unajua, sivyo? Unajua kuna kitu, na uliogopa kama mimi nilivyoogopa, tukasimama pale wawili tunachekeana.

Promota alipokuja mwezi uliopita hakukaa hata dakika kumi. Alisimama mlangoni na funguo za gari mkononi. Kuna bingwa kijana Dar, wa unyoya, anapanda haraka, anatafuta jina kubwa la zamani la kupigana naye. "Watu wanamtaka Furu," alisema. "Hawamtaki Sangara, Sangara wamemsahau. Furu wanamkumbuka."

Kocha Magesa akasema, "Huyu ana kilo sitini na nane."

"Ana muda."

"Ana miaka arobaini."

"Kocha, nazungumza na bondia."

Nilikuona usoni. Mama alidhani ni kwa ajili ya ada yangu ya chuo, na wewe ulisema hivyo, na najua ni kweli kwa kiasi chake. Lakini niliona ulivyogeuka ukatazama juu ya kabati, pale penye msumari. Unataka kurudi kule ulikoondoka bila kushindwa. Umepita uzani mwepesi, umepita welta, kote huko ulikuwa mgeni, na nyumbani kwako ni unyoya. Nakuelewa, mwanangu. Kama ningekuwa nimewahi kuwa bora kuliko watu wote mahali fulani, na mimi ningetamani kurudi. Ila kilo hamsini na saba zipo, na wewe wa kilo hamsini na saba hayupo tena. Yule alifika pale kwa kukimbia hadi Pasiansi na kulala usingizi wake. Wewe unafika pale kwa kuondoa kitu ambacho mwili unakihitaji ili ngumi isikuue. Sitaandika neno jingine badala ya hilo la kuua. Nimelifuta mara kadhaa na nimelirudisha.

Usiku ule mezani uliniuliza, "Mayu, niende?" Na kwa mara ya kwanza ulisubiri. Haukuwa mchezo, ulinitazama ukitaka jibu. Kocha aliacha kutafuna. Mama alikuwa na sahani mkononi. Watu watatu wananisubiri mimi niseme, na sijazoea kusubiriwa. Nikaangalia ugali nikasema, "Nenda mwanangu." Kwa sababu ndiyo maneno ninayoyajua.

Nimekuona ukishuka tangu siku ile. Nimekusomea mzani kila asubuhi. Sitini na tano. Sitini na tatu. Mashavu yameingia ndani, pete imeanza kuanguka, umeifunga uzi. Juzi ulisimama jikoni umeshika kiberiti ukauliza hiki ni cha nini. Mama alidhani unatania, akakujibu, "Cha kukuchoma wewe usiyekula." Mimi nilikuwa napepeta mchele. Sikuinua kichwa.

Leo jioni niliinua. Mama alikuwa anakwangua sufuria nje, nikakaa kwenye lile jiwe la kufulia, nikamwambia yote. Ng'ombe, kivuko, kiberiti, sikio. Nilisema vibaya, nikianzia katikati, nikirudi nyuma, lakini nilisema. Aliacha kukwangua.

"Na hilo la ng'ombe umekaa nalo tangu kidato cha tatu? Peke yako?"

"Ndiyo Mama."

"Ulikuwa unamlinda nani?"

Akanifuta uso kwa kanga yake, na mikono ina masizi, akanipaka weusi shavuni. Kisha akaniambia, "Mimi nimeshamwambia asiende. Nimemwambia kwa upole na kwa ukali. Kocha amemwambia. Anatuambia ameshakubaliwa nyumbani." Akanitazama. "Ameshakubaliwa na wewe, mama mkwe." Aliniita hivyo na hakucheka.

Kwa hiyo naandika ili ujue mapema, usije ukadhani kesho nimepitiwa, au Mama amenifundisha. Uliniuliza mezani nikajibu kwa woga. Jibu lile nalirudisha. Hapana, mwanangu. Usiende. Si kwa ajili ya ada. Chuo nitakisubiri, au nitauza dagaa pale ulipoanzia wewe, sina aibu ya gunia. Yule bingwa kijana ana haki ya kutafuta jina kubwa, alitafute kwa mtu mwingine. Watu wa Dar wanaomkumbuka Furu waendelee kumkumbuka akiwa mzima. Mimi ninaye Furu hapa nyumbani, na nataka akae aniulize mambo ya kweli, na akiniuliza ng'ombe nimpeleke hospitali siku hiyo hiyo, nikiwa nimemshika mkono upande wa kulia anaosikia.

Inawezekana utakasirika. Inawezekana utasema nimekuaibisha mbele ya promota, na kwamba mtoto amejisahau akadhani ni mama kweli. Nimefikiria nitakavyokujibu na sijapata. Wewe ndiye uliyenipa kazi hii kabla sijaota meno. Nimeifanya vibaya kwa miaka mingi kwa sababu niliona haya, na naomba niifanye vizuri mara moja.

Barua hii naiweka ndani ya kiatu chako cha ulingoni cha kulia, ndicho unachoanza kuvaa. Begi lako hulikagua kabla hujaoga, kwa hiyo utaisoma kabla hujafika mlangoni. Nitakuwa nimesimama pale na kikombe cha bati, kama siku zote. Piga magoti kama umezoea. Sitajaza mashavu, wala sitakupulizia kifuani. Nitakupa kikombe mkononi, kimejaa, maji ya mtungini, ya baridi. Nayajua masharti ya mzani kuliko mtu yeyote, najua ukiyanywa hayo hutashuka hadi kilo zao.

Yanywe yote, mwanangu. Mayu amesema.

Minza